Kizibo Kilisema Nini

Wanangu mnaoingia maabara na makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani, nina jambo ambalo chuoni hawakuwaambia: kazi ya kutafuta uchafu ndani ya vinywaji inachekesha. Wenzangu waliostaafu watakwambieni ni kazi nzito, inayolinda afya za watu, na hawasemi uongo. Lakini mimi nimeitumikia miaka mingi hapa Maskati, katika maabara ndogo ya vyakula pale Khuwair ya Kusini, na nikikaa jikoni peke yangu nikazikumbuka siku zile hucheka mpaka binti yangu akaja kunichungulia mlangoni. Nadhani anaogopa nimeanza kuzeeka vibaya.

Tuanze na wateja. Mtu aliyeuziwa mtindi uliochacha huja peke yake, hulalamika, huondoka. Aliyekuta kitu ndani ya soda yake huja na ukoo. Kopo lenyewe limefungwa taulo, taulo limo ndani ya mfuko, mfuko umo ndani ya boksi, na boksi limebebwa kwa mikono miwili kama mtoto aliyezaliwa jana. Nimeletewa mjusi, nati ya mashine, mbawa za mende bila mende mwenyewe. Nimeletewa "kidole cha mtu" ambacho kilikuwa nyuzi za embe zilizoshikana, na aliyekileta alikataa kuamini mpaka nilipozichambua moja moja mbele yake. Aliondoka amenuna. Kuna watu huumia wakiambiwa hawakula kidole.

Aliyenifundisha kazi hii ni Bwana Nasor, mkuu wetu wa maabara, mzaliwa wa Unguja kama wazazi wangu. Alikuwa na pua ndefu na akiisifu pua hiyo kama wenzake wanavyosifu magari. Mashine zilikuwa chache wakati ule. Tulikuwa na hadubini, taa ya spiriti, sindano, chujio na pua ya Bwana Nasor, na karibu kila kitu kilichoingia mlangoni tulikijua kwa hivyo vitano. Leo mna mashine inayosoma chembe ya plastiki ikakutajia jina lake na karibu ikutajie na la kiwanda. Naipenda mashine hiyo, msidhani naionea wivu. Ila haijui kumuuliza mtu swali, na Bwana Nasor akianza na mtu kabla ya chupa.

Siku moja alikuja bwana mmoja mnene amekasirika, na ndani ya chupa ya maji ya embe mlikuwa na jino. Jino kamili, limeng'aa. Alikuwa ameshazungumza na gazeti, alisema, na mwanasheria yuko njiani. Bwana Nasor akalitazama jino, akamtazama mwenyewe, akamkaribisha kiti. Akamwambia kwa upole, "Baba, hebu cheka kidogo." Yule bwana akasema hana sababu ya kucheka. "Kidogo tu," akasema Bwana Nasor. Akacheka kwa hasira, na pale juu upande wa kushoto palikuwa na pengo la kuegesha pikipiki. Jino lilikuwa la bandia, la kwake, alilotiwa na daktari, na limetoka alipoitafuna shingo ya chupa kukifungua kizibo. Mimi nilikimbilia chumba cha barafu nikacheka na friji.

Kanuni za Bwana Nasor zilikuwa nyingi, na nitakupeni zile zinazonijia. Usionje. Hata kama unajua ni nini, hata kama ni asali, usionje. Kopo lifungulie kitakoni, kwa sababu juu ndiko kwenye tarehe na mshono wa kiwanda, na ukishautoboa mshono umeichana hati ya shahidi wako. Na kopo lililovimba liweke kwanza kwenye baridi mpaka litulie, ndipo uliguse.

Hii ya mwisho aliifundisha vizuri mno. Lililetwa boksi la makopo ya maji ya embe kutoka Mawaleh, kabla soko la mboga na matunda halijaondolewa kule, na makopo yalikuwa yameshinda juani yakavimba kama vitumbua. Siku hiyo tulikuwa na mgeni mkubwa, kanzu yake nyeupe inakuumiza macho. Bwana Nasor akalitoa kopo kwenye baridi, akalisimamisha kichwa chini, akaanza kumweleza mgeni kwa nini lazima liwe la baridi. Alieleza hasa. Alieleza chachu, alieleza hewa, akarudi nyuma akaeleza historia ya bati. Alieleza kwa urefu hata kopo likapata moto tena. Alipolitoboa, embe lilipiga dari, likashuka kwa mgeni. Bwana Nasor akajipangusa ndevu, akasema, "Na kama mlivyoona, hii ndiyo hatari ninayoisema." Mgeni naye alikuwa mtu wa Mungu. Alicheka mpaka akakaa chini, na doa lile la dari halikupakwa rangi miaka yote niliyokuwepo.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni povu. Ukikuta nzi ndani ya kopo, swali si kwamba ni nzi, hilo kila mtu analiona. Swali ni nzi mbichi au nzi aliyepikwa. Maji ya matunda hupikwa kiwandani, kwa hivyo nzi aliyeingia huko amepikwa nayo. Mchukue, mponde kidogo, mdondoshee haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda. Mbichi atatoa povu, na huyo ameingia baadaye, nyumbani au dukani. Aliyepikwa atakaa kimya. Nilipokuwa mpya nikiomba nizungumze na kila nzi. Mnaweza kuipima familia nzima ya nzi katika asubuhi moja na msichoke.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akisema Bwana Nasor kila povu likitokea, akifurahi kama ameshinda mpira. Maana yake vitu vingi tulivyoletewa havikutoka kiwandani. Vimetoka kwa mwenye chupa mwenyewe, na kazi yetu kubwa ilikuwa kumwambia hivyo bila ya kupigwa.

Sasa nifike kwenye chupa ya soda ya ndimu, maana ndiyo iliyonifanya nikae niandike.

Bwana Nasor alikuwa ameshastaafu na mimi ndiye niliyekalia kiti chake. Asubuhi hiyo akaja Khalfan, mtoto wa Bi Shamsa. Mama yake najuana naye kwa harusi na hitima, watu wetu wa Unguja hapa Maskati tunajuana wote, na Khalfan huniita Khalati kama ningekuwa dada wa mama yake. Khalfan ni mtu wa benki, ana nyumba Madinat Sultan Qaboos anakokaa na mama yake, na kawaida yake hapandishi sauti. Siku hiyo alikuwa mweupe kama karatasi. Mkononi ana chupa ya kijani ya plastiki, imefungwa kitambaa cheusi. Nyuma yake, kwenye benchi la ukumbini, alikuwa amekaa msichana na begi kubwa miguuni.

"Khalati," akasema akaufunga mlango nusu, "nimekunywa kitu."

"Soda?"

"Nilidhani soda. Nimeitoa kwenye friji jana, nikapiga mafunda mawili. Chungu. Nimetazama chini, kuna vitu vyeupe vinatembea. Mke wangu kasema usitupe. Kasema hayo ni mambo." Akashusha sauti. "Kasema ni mafuta ya maiti."

"Na yule nje?"

"Harriet. Mtumishi wetu, Mganda. Jikoni ni yeye peke yake. Nataka jibu lako tu, nikitoka hapa nampeleka kwa wakala wake, wamrejeshe kwao leo. Nna watoto wadogo, Khalati."

Nilitaka kucheka, nasema kweli. Mafuta ya maiti ndani ya soda ya ndimu. Lakini nilimtazama yule msichana kupitia upenyo wa mlango. Alikuwa amelishika begi lake kwa mikono yote miwili, macho kwenye sakafu, na kicheko kikaniishia. Mtu akirejeshwa kwa wakala kwa tuhuma kama hiyo hapati nyumba nyingine. Habari humtangulia.

Basi nikafanya nilivyofundishwa, nikaanza na mtu.

"Khalfan, kizibo ulikifungua wewe?"

"Mimi."

"Kilisema nini?"

Akanitazama kama ninayemchezea. "Kitasema nini?"

"Soda mpya ukiifungua husema chwii, na pete ya kizibo hukatika, unaisikia vidoleni. Hii ilisemaje?"

Akafikiri. Akafikiri tena, na nikaona uso wake unabadilika. "Haikusema kitu. Kizibo kilikuja chenyewe."

Nikaitazama pete. Imekatika zamani, imelegea shingoni. Chupa ilishafunguliwa kabla yake, tena na mtu wa nyumba ile. Khalfan akapiga meza kwa kiganja. "Basi si ndo hayo. Kafungua yeye."

Wanangu, pale nilijisikia vibaya sana. Nimeuliza swali langu zuri la kitaalamu, na swali hilo limemfunga kamba msichana wa watu. Nikasimama nikamwita ndani. Aliingia na begi lake, hakuliacha ukumbini.

"Harriet, chupa hii unaijua?"

"Naijua, mama. Ilikuwa kwa fridge, nyuma ya maziwa. Siku nyingi."

"Uliifungua?"

"Hapana. Nilidhani ni ya boss. Mimi sigusi vitu vya boss." Alinitazama machoni. "Mama, mimi ni mtu wa kanisa. Nina mtoto Masaka, niko hapa kwa sababu ya school fees. Nitamwekea mtu uchawi nipate nini?"

Khalfan akasema kwa Kiarabu kwamba wote husema hivyo. Nikamwambia kwa Kiswahili anyamaze, kama ningemwambia mwanangu.

Nikachuja. Maji yaliyotoka yalikuwa ya rangi ya maziwa yaliyochanganywa maji, na kwenye chujio vikabaki vidonge vyeupe, laini, vimevimba, havina umbo. Vijana wangu wa maabara wakasogea. Mmoja akasema nta. Mwingine akasema mafuta ya mbuzi. Khalfan akarudi hatua nyuma, na mtu wa benki akirudi nyuma mbele ya chujio la chai ni kitu cha kuona. Nikanusa: ndimu. Ndimu ya soda, na nyuma yake ndimu nyingine, kavu kidogo, inayokwenda kama utomvu wa mti. Nikaijua na sikuijua. Ilikuwa kama jina la mtu uliyesoma naye, liko ulimini halitoki.

Mashine ilikuwa na foleni mpaka kesho yake, na Harriet kesho alikuwa hana. Nikawasha taa ya spiriti. Nikaipasha sindano mpaka ikawa nyekundu, nikachukua kidonge kimoja kwa koleo, nikakigusa.

Kikatoa moshi. Uzi mwembamba mweupe, ukapanda, ukajikunja chini ya doa la embe. Na harufu ikajaa chumba chote, ikatoka ukumbini, na kutoka chumba cha pili nikamsikia karani wetu akiuliza, "Nani anaolewa?"

Ubani. Ubani mtupu, ule mzuri wa Dhofar, unaofukizwa kila nyumba ya mji huu Alhamisi magharibi. Vijana walianza kucheka kabla yangu. Mmoja alikuwa anajipepea moshi kwenye kofia. Harriet akatazama huku na huku, hajui kama kicheko kile ni chake au ni cha kumzika.

Khalfan hakucheka. Alisimama mdomo wazi, na nikaona inamwingia taratibu. "Mama," akasema, na hakuwa ananiita mimi.

Tunajua sote, wazee wetu huuroweka ubani ndani ya maji usiku kucha, asubuhi wakayanywa kwa kifua na tumbo. Lakini huurowekea ndani ya bilauri au jagi, ukauona. Nani aliyewahi kuutafuta ndani ya soda? Tena ubani mbichi wenyewe una harufu ya ndimu ndimu. Ukiutia kwenye soda ya ndimu umeuficha mahali pazuri kuliko yote duniani.

Khalfan akapiga simu, akaiweka mezani tuisikie. Bi Shamsa akaitika kwa sauti ya mtu aliyekatizwa usingizi.

"Mama, ile chupa ya kijani, nyuma ya maziwa."

"Unayo wewe?" Sauti ikaamka. "Nimeitafuta friji nzima. Dawa yangu ya kifua hiyo. Nshasema leo namuuliza Harriet kaitupa wapi."

Vijana wangu wawili wakatoka nje, hawakuweza. Msichana wa watu alikuwa anafukuzwa kwa kuutia, na ndani ya nyumba hiyo hiyo alikuwa anangojwa aulizwe kwa nini kautupa.

"Mama, kwa nini ubani umeutia kwenye soda?"

"Ilibaki soda nusu, nikaijaza maji. Nitupe neema ya Mungu? Na maji matupu yananichefua."

"Mbona hukutwambia?"

"Mliniuliza? Tangu jana mnanong'ona chumbani na mlango mmefunga. Mimi nikajua mnapanga kunipeleka hospitali, nikajilalia zangu." Akakohoa. "Umeinywa?"

"Nimeinywa, mama."

"Na kifua je?"

Khalfan akavuta pumzi, kweli kabisa alivuta pumzi kujipima. "Kizuri," akasema, na hapo akacheka, na mimi nikacheka, nikashika meza. Nimecheka sana maishani lakini kicheko kile kilikuwa na furaha ya kuponea chupuchupu, ambayo ni tamu kuliko zote.

Nilipojipangusa macho nikamwona Harriet. Hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama palepale, begi mkononi.

"Boss," akasema, "sasa hii begi naenda nayo wapi?"

Kicheko kikakatika. Khalfan akainama akalichukua begi yeye mwenyewe. Lilikuwa zito, alihangaika nalo. "Nyumbani," akasema. Kisha akasema, mbele yetu sote, na namsifu kwa hilo, "Harriet, nimekukosea. Nimekudhulumu. Nisamehe." Yeye akajibu, "Sawa, boss," kwa sauti ndogo, na wakatoka, bwana mbele na begi la mtumishi wake.

Kisa hiki nilikisimulia kila mahali. Harusini, msibani, nilimpigia Bwana Nasor nikamsimulia, akacheka mpaka mkewe akachukua simu. Kila nilipokisimulia niliishia pale pa "na kifua je", maana ndipo watu wanapoanguka.

Mwezi uliopita nikaenda kumtazama Bi Shamsa, miguu inamsumbua. Harriet bado yuko pale, bibi hakubali kuogeshwa na mwingine, na mtoto wa Masaka sasa ameingia sekondari. Tulikaa sebuleni, tukaongea, tukamsengenya Khalfan. Bi Shamsa akaniagizia soda.

Harriet akaja na chupa na bilauri tupu. Nikanyoosha mkono, lakini hakunipa. Akaiinamisha chupa mbele ya macho yangu, akanionesha pete ya kizibo, nzima. Akaisogeza karibu na sikio langu.

"Sikiliza, mama."

Akafungua. Chwii.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa kunywa." Akanimiminia.

Nilicheka. Nikamwambia Bi Shamsa, tazama, nimepata mwanafunzi. Bi Shamsa hakucheka. Alingoja Harriet arudi jikoni, akasema, "Hufanya hivyo kwa kila mtu. Mgeni, mtoto, mimi. Hata maji. Tangu siku ile hajapata kumimina kitu mahali ambapo hatumwoni."

Nikaishika bilauri yangu. Kutoka jikoni nikasikia chupa nyingine inafunguliwa, na sauti ya Harriet ikimwambia mtoto mdogo wa Khalfan asikilize kwanza.